Detekta Yako Bado Iko Kwenye Pikipiki, Baba

Baba,

Pikipiki yako iko hapa kwangu Nakuru, ndani ya gereji, upande wa ukuta usiopata mvua. Nimeifunika na lile shuka lako la kijani, maana vumbi la huku unalijua. Asubuhi nikifungua mlango huwa naisalimia kabla sijawasha hata redio. Mteja mmoja alinisikia akadhani naongea na simu. Nikamwacha adhani hivyo.

Nianzie wapi? Ng'ombe wako alizaa wiki ile ile tuliyokuzika, ndama jike, mweusi na kiraka cheupe kwenye paji la uso. Shangazi Wairimu anamtunza. Mahindi uliyopanda Gilgil yalikua vizuri hata bila wewe, na hilo liliniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilitaka yakauke. Nilitaka kitu chochote pale shambani kionyeshe kwamba umeondoka.

Lakini sikuandiki kuhusu mahindi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo nyumbani ulikuwa unalijua wewe peke yako, na sasa nami nimelijua, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya detekta?

Mimi naikumbuka yote. Yule mwendeshaji wa pikipiki kubwa kutoka Nairobi alikuwa amekuja nimfungie detekta mpya, ile ya zamani akaiacha juu ya meza yangu kama mtu anayeacha ganda la ndizi. Ukaingia wewe, umevaa lile koti la kazi kutoka siku za lori, ukaiokota na kuigeuzageuza.

"Haka kadude ni ka nini, mama?"

Mama. Uliniita hivyo tangu utotoni kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na hujawahi kuniita Wangari isipokuwa siku ile nilipovunja kioo cha lori. Nikakueleza kwamba kinanusa mawimbi ya ile bunduki ya polisi ya kupimia spidi, kinampigia dereva kelele kabla hajawafikia. Ukaketi kwenye ndoo ya rangi ukacheka mpaka ukakohoa.

"Nimeendesha lori maisha yangu yote, Mombasa hadi Malaba, nikitafuta kitu kama hiki. Kinakuja sasa? Wakati nina pikipiki ambayo hata punda anaipita?"

"Basi hukihitaji," nikasema.

"Nani amesema sikihitaji? Nifungie."

Nikakuambia hata sina uhakika kama kinaruhusiwa. Ukaniuliza, "Kwani kujua polisi yuko wapi ni makosa? Si hata mwizi hujua." Nikachukua spana.

Nilidhani itakuwa kazi ya muda mfupi. Ilimaliza Jumamosi nzima kwa sababu kila kitu ulikibishia. Ulitaka detekta ikae juu ya taa kubwa ya mbele, ionekane. Nikakuambia pale mtetemo utaiua na mvua itaimalizia, afadhali kwenye usukani, karibu na kioo cha kushoto, inapoona barabara mbele bila kuzibwa na chuma. Ulinikatia mpira kutoka kwenye tyubu ya zamani tuzungushie kile kishikio ili kisitikisike. Uliukata kwa kisu chako cha kumenyea machungwa, polepole, ulimi nje kidogo, kama mtu anayemnyoa mtoto. Bado nauona ulimi huo, Baba.

Halafu ukaja ubishi wa waya. Wewe ulitaka nichukue moto moja kwa moja kutoka kwa betri. "Betri si hii hapa? Unazunguka mbali kwa nini?" Nikakuonyesha: nikichukua hapo, detekta itabaki inakunywa moto hata ukiwa umelala, na asubuhi pikipiki haitawaka. Lazima moto upite kwenye swichi ya ufunguo kwanza, halafu fyuzi ndogo, ndipo ufike. Ukizima ufunguo, kila kitu kinalala. Ukasema, "Sawa, mama. Lakini nikisahau kuzima ufunguo usinikemee."

Nikakwangua rangi kwenye fremu chini ya tanki hadi chuma kikang'aa, nikafunga pale waya wa hasi. Wewe ulikuwa umeliinua tanki kwa mikono miwili, unalishikilia. Ni hapo, tanki likiwa mikononi, bila mimi kukuuliza chochote, ulianza kuniambia kuhusu Mama, mkeo. Jinsi ulivyomkuta stendi ya Gilgil akiuza viazi vya kuchemsha, na jinsi ulivyokuwa ukisimamisha lori pale hata kama hakuna mzigo wa kushusha. Ulisema tangu tumzike nyumba ina sauti mbaya. Nilidhani unamaanisha mabati. Ukasema, "Hapana. Ile sauti ya kijiko kimoja."

Sikuinua kichwa. Niliendelea kukaza bolti iliyokuwa imeshakazwa. Nilijua nikikuangalia utanyamaza.

Na ile taa. Masikio yako lori lilishayamaliza, na ndani ya helmeti usingesikia hata honi ya basi, seuze kadude kanakolia pii pii. Kwa hiyo nikakafungua, nikatoa waya mwembamba kutoka pale sauti inapotokea, nikaupitisha chini ya usukani, mahali ambapo hautabanwa ukikata kona, nikauleta kwenye taa ndogo nyekundu pembeni mwa saa ya spidi. Nikakuambia, ikiwaka, polisi wako mbele.

Tukaenda kuijaribu. Ulinibeba nyuma, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili wa shule, nimekushika kiuno. Ikakataa kuwaka barabara yote. Tulipopita mlango wa supamaketi, ile milango inayojifungua yenyewe kwa mawimbi kama yale ya polisi, ikawaka! Ukasimama katikati ya maegesho ukapiga kelele, "Afande yuko ndani, ananunua maziwa!" Watu wakageuka. Niliona aibu. Leo ningeinunua aibu hiyo, Baba, ningeivaa kanisani.

Siku uliyoondoka ulikuwa unakuja kwangu. Ulinipigia asubuhi kusema umenivunia sukuma wiki na umepata mayai ya kienyeji, na watoto wasile yote peke yao. Nilikuwa na mteja. Nikasema sawa Baba, njoo polepole. Ukasema, "Kwani hii inajua kwenda haraka?"

Hospitali walinipigia kwa simu yako, wakanikuta na mikono michafu. Nilipofika walikuwa wameshakufunika. Viatu vyako ndivyo nilivyovijua, kimoja kimefungwa kamba ya katani. Daktari alisema ni moyo. Nikauliza nani amekuleta. Muuguzi akasema, "Ni askari wa barabarani, wamesharudi kazini." Basi. Hayo tu.

Mwanao Njuguna alishuka kutoka Mau Narok siku hiyo hiyo, akiwa bado na buti za shambani zenye udongo wa viazi. Ndiye aliyeenda kuchukua pikipiki kituoni. Aliyempa funguo hakujua lolote, alisema tu imetolewa barabarani. Mfuko wa sukuma ulikuwa bado umefungwa nyuma ya kiti. Yai hata moja halikuwa limevunjika. Nilikaa na hayo mayai jikoni, nikashindwa kuyapika na nikashindwa kuyatupa.

Watu walisema mengi matangani. Walisema umepumzika, walisema hukuteseka. Mimi nilikuwa nakuona umelala kwenye nyasi kando ya lami, magari yanapita, hakuna anayesimama. Nilikuona umeinua mkono. Kila nilipofumba macho ulikuwa umeinua mkono na hakuna mtu. Niliacha kupita barabara ile. Mteja akiniita Gilgil namwambia alete pikipiki mwenyewe. Nikisikia mtu akisema alifariki akiwa na watu wake, namwonea wivu, wivu mbaya kabisa.

Kisha Njuguna akaomba pikipiki. Si vibaya, anaihitaji kwa kazi, kule shamba la ngano ni kubwa na anatembea kwa miguu tangu asubuhi. Akasema kwenye simu, "Nitolee tu hizo waya za Baba, huku hakuna polisi wa spidi. Zitanisumbua bure."

Nikafunua shuka, nikachukua plaizi. Nilikata kifungo kimoja cha plastiki, kile kilichoshika waya kwenye usukani. Nikaona ule mpira wa tyubu ulioukata, ukingo wake umepinda kidogo mahali kisu kilipoteleza. Nikarudisha plaizi mezani.

Nikasema, kabla sijaitoa, niiendeshe mara moja. Nifike nyumbani Gilgil na nirudi. Nivuke pale mahali, popote palipo, nione.

Ilikuwa saa za asubuhi, jua limeshatoka, upepo wa ziwa unasukuma kutoka upande wa kulia. Nilipita Lanet nimeung'ang'ania usukani kama mwanafunzi wa udereva. Nilikuwa naenda polepole kiasi kwamba malori yalinipigia honi. Nilipokaribia Mbaruk, taa ikawaka.

Nyekundu. Pembeni mwa saa ya spidi, pale pale nilipoiweka.

Nilishtuka nikakaribia kuanguka. Nilikuwa sijawahi kuiona ikiwaka barabarani. Nikaendelea tu, sikujua la kufanya, hadi nikawaona, gari lao limeegeshwa kivulini na askari wawili. Mmoja, mwanamke mrefu, alikuwa na ile bunduki mkononi. Akaishusha. Akaniinulia kiganja nisimame, lakini hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaiangalia pikipiki.

Nikafikiri, basi, ameiona detekta.

Akaja hadi karibu, akagusa kioo cha kushoto. Akasema, "Hii pikipiki ni ya mzee."

"Ni ya baba yangu," nikamwambia. "Alifariki."

"Najua." Akavua kofia. "Wewe ndiye mama?"

Baba, sikuelewa. Nikasema nina watoto, ndiyo.

"Hapana. Yule mama aliyefunga taa. Mzee alikuwa anasema kila mara, hii taa nilifungiwa na mama. Mimi nilidhani ni mama yake mzazi, nikawa najiuliza ajuza gani huyo anajua waya namna hii. Mpaka siku moja akaniambia ni msichana wake, ana gereji Nakuru."

Alinishika mkono akanikalisha kwenye kizingiti cha gari lao, na yule mwenzake akaenda kusimama mbali, akageukia barabara, akatuachia nafasi.

Jina lake ni Chelagat. Hukuwahi kunitajia. Hukuwahi kunitajia kwamba kila ulipoona taa imewaka ulikuwa unasimama! Mimi nilikufungia detekta ukwepe polisi, na wewe ukaitumia kuwatafuta. Alinieleza jinsi ulivyokuja mara ya kwanza, ukazima pikipiki mbele yao, ukavua helmeti ukasema, "Afande, leo mimi ndiye nimewaona kwanza." Alidhani una kichaa. Ukawauliza kama wamekula. Kisha ukawa unakuja na mahindi ya kuchoma yamefungwa kwa gazeti, mara chai kwa chupa, unaketi kwenye jiwe mnaongea.

"Alikuwa anatuharibia kazi," Afande Chelagat akasema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Madereva wote wa lori wanamjua. Wakiona amekaa hapa, wanajua tuko, wanapunguza mwendo kutoka kule. Mkubwa wetu anauliza, mbona siku hizi hamshiki mtu?"

Nikacheka pia. Nililia na nikacheka, na pua ikanitoka kamasi, na sikuwa na kitambaa.

Kisha nikamuuliza. Ilibidi nimuulize. Nikasema, siku ile, mlimpata wapi?

Akasema, "Hatukumpata. Alikuja mwenyewe."

Alisema walikuwa mahali pale pale. Alikuona kwa mbali, ukaja polepole kuliko siku zote, katikati ya njia, umeinama. Alidhani unatania. Ulisimama mbele yake, ukashindwa kushusha mguu, akakudaka wewe na pikipiki pamoja. Ulikuwa unatoka jasho. Ulimwambia kifua kilikushika huku nyuma, hakuna nyumba, hakuna mtu, ukataka kushuka ulale kando ya barabara. Halafu taa ikawaka. Ukasema, "Nikajua uko hapa mbele. Nikasema wacha nifike kwa Chelagat."

Walikulaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chako kwenye mapaja yake. Mwenzake aliendesha, king'ora juu, hadi Nakuru. Alikushika mkono njia yote. Alisema ulikuwa unasikia, ulikuwa unaongea kidogo kidogo. Uliuliza kama kuna mtu amezima ufunguo wa pikipiki. "Akaniambia, zima, mama atanikemea." Alikuambia umezimwa. Ukasema vizuri. Mlipofika Lanet ukambana vidole, kisha ukamwachia.

Vidole vyake vilikuwa hapa, Baba. Alinionyesha. Nikavishika.

Alisema alinitafuta. Alijua Gilgil, lakini Gilgil ni kubwa, na jina lako kamili hakuwahi kukuuliza, ulikuwa mzee tu. Siku yake ya mapumziko alizunguka Nakuru akiuliza gereji ya Mama. Kila fundi alimuuliza, mama nani? Kituoni hakuna aliyekuwa ameandika nani amechukua pikipiki, na hospitalini hawakumpa jina. Siku uliyozikwa alikuwa kazini, amesimama pale pale juani, na hakujua kwamba unazikwa umbali mfupi tu kutoka alipokuwa.

Sikufika Gilgil siku hiyo. Niligeuza pikipiki nikarudi, nikaketi gerejini na mlango umefungwa. Sikufanya kazi. Nililia kilio kingine, kirefu, kile ambacho nadhani nilikuwa nimekibana tangu hospitalini. Ule mkono wako ulioinuliwa kwenye nyasi haukuwepo. Niliutafuta, nikaukuta umeshikwa.

Njuguna nilimpigia jioni yake. Unamjua mwanao, haongei. Nilimweleza yote, na upande wa pili nikasikia upepo tu wa Mau. Kisha akaanza kulia. Njuguna, Baba. Hata kaburini kwako hakulia, alishika sepeto tangu mwanzo hadi mwisho hakumpa mtu. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa sauti, bila kujificha. Alipotulia akasema, "Usitoe. Wacha ikae ilivyo."

Nikamkumbusha kule kwenye mashamba taa hiyo haitawaka hata siku moja.

"Najua," akasema. "Usitoe."

Kwa hiyo nimerudisha kile kifungo nilichokata. Nimebadilisha fyuzi, nimezungushia tepu mpya pale maji yangeweza kuingia, nimepaka grisi kwenye bolti ya waya wa hasi isishike kutu na ule ukungu wa huko juu. Anakuja kuichukua. Nitamwonyesha jinsi ya kuikausha akinyeshewa. Siku atakayoondoka nayo sijui nitafanya nini na upande ule wa ukuta. Nitaweka kitu. Au nitaacha wazi.

Bado nakukasirikia kidogo, nikuambie ukweli. Ungenitajia Chelagat. Ungesema tu, kuna askari fulani rafiki yangu pale Mbaruk. Lakini labda ndivyo ilivyokuwa na wewe na barabara, ulikuwa na watu wako huko ambao sisi wa nyumbani hatukuwajua, na hukuona kama ni siri, ulikuwa unaenda tu kunywa chai.

Jumapili hii Chelagat anakuja nyumbani Gilgil. Nimemwalika. Aliniuliza tutamjuaje akiwa na nguo za kawaida, nikamwambia urefu huo haujifichi. Njuguna ataleta viazi, Shangazi Wairimu amesema atachinja kuku na hataki kusikia mtu akimsaidia. Nyumba yako haijafunguliwa tangu tukuzike. Funguo ninazo mimi, na kila nikikusudia kwenda naahirisha. Jumapili nitafungua. Nakuahidi hivyo. Nitafungua na madirisha yote, nitatoa viti vyote nje kwenye jua, hata kile kibovu, tukae wengi, tule kwa kelele. Nitamwomba Chelagat aeleze tena mbele ya Shangazi, tangu mwanzo, asiruke pale panapouma.

Baadaye nitashuka kule ulipolala, karibu na Mama, ning'oe magugu, nikae kidogo.

Lala salama, Baba. Bado nalia. Naona nitalia kwa muda mrefu, na sijali. Ila silii tena kama mtu ambaye hajui ulikuwa na nani.

Mwanao,
Wangari